Je, hofu ya ng'ombe hubaki kwenye nyama?

Barua za wasomaji kwa daktari wa mifugo

SWALI: Shikamoo mama daktari. Mwezi uliopita tulisoma hitima ya mama mkwe wangu. Shemeji zangu walinunua ng'ombe dume mnadani Pugu, akafika nyumbani usiku wa saa nne. Asubuhi walipotaka kumwangusha akakata kamba, akatoka mbio mtaani. Vijana walimkimbiza karibu saa nzima mpaka akaingia mtaroni, akachinjwa palepale huku anahema. Nyama yake ilitoka nyeusi, kavu, inanata mkononi. Mzee mmoja akasema nyama hiyo imejaa sumu ya hofu, imesambaa mwili mzima, na atakayeila atapata presha na woga. Nusu ya watu wakaacha kula. Sisi tulikula, na binti yangu mwenye mimba ya miezi sita alikula pia. Tangu siku ile sina raha. Je, ni kweli?
*Msomaji, Mbagala*

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kufiwa. Nianze na binti, maana najua huko ndiko roho yako iliko. Hofu ya yule ng'ombe haikuingia kwa binti yako wala kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hilo, lala usingizi. Mengine nitayaeleza taratibu, kwa sababu yule mzee hakukosea yote. Nyama ile kweli ilikuwa na kasoro, na inawezekana sana kasoro hiyo ililetwa na zile purukushani. Alipokosea ni kuhusu kitu kinachobaki kwenye nyama.

Ng'ombe ana tezi mbili ndogo zilizojificha kwenye mafuta karibu na figo. Ya kulia ina umbo kama la moyo. Kabla sijafungua duka langu la dawa za mifugo hapa Tabata nilikuwa mkaguzi wa nyama kwa miaka kumi na moja, na kila nikipata vijana wa mafunzo nilikuwa naitoa tezi ile na kuipasua mbele yao, kwa sababu wachinjaji wengi huikata pamoja na mafuta bila kujua wameshika nini. Ukiipasua unaona ganda la nje na kiini cha ndani, rangi mbili tofauti. Kiini hutoa adrenalini. Ganda hutoa kortisoli. Hizo ndizo homoni za msongo ambazo yule mzee aliziita sumu.

Ng'ombe anapohisi kamba miguuni na watu wamemzunguka, ubongo hupeleka amri kwa njia ya mishipa ya fahamu moja kwa moja hadi kwenye kile kiini, na adrenalini humwagika kwenye damu kwa sekunde chache tu. Damu huzunguka mwili kwa muda wa kama dakika moja. Kwa hiyo kabla majirani hawajajua kuna nini, homoni imeshafika kwenye moyo, mapafu, ini na misuli ya mapaja. Moyo unadunda, ini linamwaga sukari, misuli inapata moto wa kukimbilia. Kortisoli huja nyuma yake, maana amri yake hupita vituo: sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo pituitari hutuma ujumbe kwa njia ya damu hadi kwenye lile ganda. Ndani ya dakika chache kortisoli huanza kupanda, na kilele chake hufika baada ya robo saa au nusu saa hivi.

Kusambaa kwake pia si kwa namna moja. Adrenalini hufika kwenye chembe ya mwili ikapiga hodi mlangoni. Haiingii, ila sauti yake inatosha kuwaamsha waliomo ndani. Kortisoli ina asili ya mafuta, hivyo hupenya ukuta wa chembe na kuingia mpaka chumbani. Lakini ikiwa njiani kwenye damu, sehemu yake kubwa imepakiwa kwenye protini zinazoibeba, kama abiria ndani ya daladala. Aliye ndani ya gari hawezi kuingia nyumba ya mtu. Ni wale walioshuka tu, kortisoli iliyo huru, ndio wanaoingia na kufanya kazi. Na karibu kila chembe ya mwili ina mwenyeji humo ndani anayeitambua, ndiyo maana mnyama mwenye msongo huathirika kuanzia tumbo hadi ngozi.

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na mzee. Homoni hizi hazina ghala kwenye nyama. Adrenalini iliyo kwenye damu hupungua kwa nusu ndani ya dakika mbili tatu. Kortisoli hukaa zaidi, ila nayo ni suala la saa, si siku: ini huivunja, figo na nyongo huitoa nje. Mnyama akichinjwa katikati ya purukushani, kweli kiasi fulani humkuta bado kimo mwilini. Karibu nusu ya damu yake humwagika na kwenda na sehemu ya homoni, na kinachobaki kwenye nyama ni kidogo mno.

Ni kidogo kiasi gani? Hebu tupige hesabu, na mimi nitaongeza chumvi makusudi. Tuseme kila gramu ya nyama ile ilikuwa na nanogramu 100 za kortisoli, kiwango cha juu kuliko ninavyotegemea. Binti yako akala nusu kilo peke yake. Atakuwa amekula mikrogramu 50, yaani miligramu 0.05. Mwili wa mtu mzima hutengeneza kortisoli yake takribani miligramu 10 kwa siku bila kuombwa. Aliyokula ni sehemu moja ya mia mbili ya ile aliyoitengeneza mwenyewe siku hiyohiyo. Adrenalini ndiyo haina kabisa la kufanya, maana ikipitia tumboni huvunjwa kwenye utumbo na ini. Ndiyo sababu hospitalini huitoa kwa sindano, si kwa kidonge cha kumeza. Sitakudanganya kwamba kupika kunaiua kortisoli, kwa kuwa inavumilia moto. Udogo wake ndio unaokulinda.

Basi weusi ule ulitoka wapi? Ulitoka kwenye kitu kilichopungua. Misuli ya ng'ombe aliyepumzika ina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Akishachinjwa, akiba ile hugeuka asidi ya laktiki, na pH ya nyama, kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, hutoka 7 hivi hadi kama 5.5 ndani ya siku moja. Asidi hiyo ndiyo inayoipa nyama wekundu mzuri na kuzuia bakteria wasiongezeke upesi. Ng'ombe wako yawezekana alitoka Shinyanga, karibu kilomita 1,000 ndani ya lori, amesimama, hana maji wala majani. Akashushwa Pugu kati ya wanyama asiowajua, akapakiwa tena, akafungwa usiku peke yake uani kwenu, na asubuhi akakimbia saa nzima. Kila hatua homoni zilikuwa zinachota kwenye akiba ileile. Kisu kilipofika, akiba ilikuwa imekwisha. Nyama isiyopata asidi hubaki na pH ya zaidi ya 6, inashikilia maji yake, inakuwa nyeusi, ngumu na ya kunata. Homoni zilishapita. Mlichokikuta ninyi ni pengo zililoliacha.

Na pengo hilo lina hatari yake. Nyama ya namna hiyo huoza haraka, na kwa joto la Dar haifai kuwekwa mezani mpaka jioni wala kutunzwa kwa ajili ya kesho. Ipikwe mapema, iive vizuri, iishe siku hiyohiyo.

Kuna jambo lingine ambalo nataka ulishike kwa nguvu, mwanangu. Nyama nyeusi si lazima iwe ya msongo. Mnyama mwenye homa, au ambaye damu haikumtoka vizuri, naye hutoa nyama nyeusi. Kimeta pia hutoa damu nyeusi isiyoganda, na kimeta kinaua watu. Hivi vitu havitenganishwi kwa macho ya mchinjaji. Mngemwita afisa mifugo wa kata akamkagua ng'ombe akiwa hai na baada ya kuchinjwa, mngejua palepale mnakula nini. Mwezi umepita na nyote ni wazima, nashukuru. Shughuli ijayo msichinje bila mkaguzi, hata kama shemeji atasema muda hautoshi.

Tena mnunueni mnyama mapema. Ng'ombe hurudisha ile akiba polepole kuliko watu wanavyodhani. Anahitaji siku kadhaa za majani, pumba na maji, si usiku mmoja. Mkiweza, afungwe mahali anapomwona ng'ombe mwingine au hata mbuzi, kwa sababu kwa mnyama wa kundi upweke peke yake ni hofu. Na lile fundisho la wazee wetu, kwamba kisu kisinolewe mbele ya mnyama wala mmoja asichinjwe mwenzake akitazama, nimelifikiria mara nyingi nikiwa machinjioni alfajiri, gambuti miguuni, nikiwaangalia walio kwenye foleni wanavyoinua masikio. Waliotufundisha hivyo hawakuwa na vipimo vya kortisoli. Walikuwa na macho na huruma. Leo tuna hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama, ya mwaka 2008, na bado naona mikia inavunjwa ili ng'ombe apande lori. Inaniuma.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, naishi Kimara. Toleo lililopita ulimjibu mfugaji wa kuku wa nyama kwamba homoni za msongo huisha kwenye damu ndani ya saa chache. Mwalimu wetu anasema zinapimwa hata kwenye manyoya, miezi kadhaa baadaye. Mbona kama mnapingana? Je, zinakusanyika mwilini au hazikusanyiki?
*Msomaji, Kimara*

JIBU: Marahaba mwanangu. Hatupingani, na swali lako ni zuri kiasi kwamba nimelisoma mara mbili.

Kwenye damu na nyama hazikusanyiki. Lakini mwili una sehemu ambazo zikishaota haziguswi tena, na huko homoni hunaswa kama mdudu kwenye utomvu. Unywele unapoota, shina lake hulishwa na damu. Kortisoli iliyo huru wakati huo huingia ndani ya unywele, na kipande kile kikishatoka nje ya ngozi kinabaki hivyo. Nywele za binadamu hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo sentimita tatu za karibu na ngozi ya kichwa ni habari za miezi mitatu. Kwa ng'ombe hunyolewa kiraka cha ngozi, yakasubiriwa manyoya mapya, hayo ndiyo yakapimwa. Ndege naye hunasa kwenye unyoya, ila kwake homoni kuu ni kortikosteroni. Hata yule kuku wa nyama tuliyemzungumzia ndivyo alivyo. Tahadhari moja tu: jasho na mafuta ya ngozi nayo huingiza kidogo kwa nje, hivyo manyoya huoshwa kabla ya kupimwa.

Nikupe kisa ambacho nakipenda kuliko vyote katika elimu hii. Mwaka 2007 nyangumi buluu aligongwa na meli pwani ya California akafa. Nyangumi hawa hujaza nta sikioni, tabaka juu ya tabaka, tangu kuzaliwa mpaka kufa, na nta ile haitoki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliichukua, wakaikata tabaka kwa tabaka kama mtu anayehesabu pete za mti, wakapima kortisoli ya kila kipindi cha maisha yake, wakatangaza matokeo mwaka 2013. Fikiria: mnyama ambaye hakuna mtu aliyewahi kumtoa damu, na bado unaweza kusoma miaka aliyohangaika na miaka aliyotulia.

Kinyesi ni daftari la muda mfupi zaidi. Ini likiivunja kortisoli, mabaki yake hupitia nyongo hadi utumboni. Kwa ng'ombe, msongo wa asubuhi huonekana kwenye samadi baada ya karibu nusu siku. Kwa mnyama wa porini, huna haja ya kumshika. Unangoja aondoke, unaokota. Usikiache juani muda mrefu tu, maana bakteria huendelea kuyabadilisha yale mabaki. Njia hii ndiyo iliyowaonyesha watafiti wa Ghuba ya Fundy, Kanada, kwamba baada ya Septemba 11, 2001, meli zilipopungua na bahari ikatulia, homoni za msongo kwenye kinyesi cha nyangumi wa huko nazo zilishuka.

Damu inabaki kuwa picha ya dakika ile. Robert Sapolsky, mtafiti wa Marekani aliyewafuatilia nyani wa Maasai Mara, Kenya, kwa miaka mingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, aliwapiga mishale ya usingizi kwa kushtukiza na kuwatoa damu upesi, tena saa zilezile za siku, kwa sababu kortisoli ina kupanda na kushuka kwake kwa kila siku na kwa sababu hofu ya kukamatwa ingeharibu kipimo.

Sasa kuna kukusanyika kwa aina nyingine, na huku ndiko ningependa wanafunzi wetu waangalie. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, akiwa Montreal, Kanada, alieleza jinsi panya waliodhurika kwa sababu tofauti kabisa, baridi, kazi nzito, dawa, walivyokuwa na dalili zilezile: tezi za juu ya figo zimevimba, tezi ya kinga iitwayo thaimasi imesinyaa, tumbo lina vidonda. Homoni ya leo imekwisha leo. Lakini tezi inayolazimishwa kufanya kazi kila siku hukua, na kinga inayokandamizwa kila siku hupungua. Ndiyo maana ng'ombe wa safari ndefu huanza kukohoa siku chache baada ya kushuka lorini, wakati kortisoli ya safari ilishaondoka. Ndiyo maana pia namwambia mfugaji asichanje vifaranga siku aliyowahamisha banda kwenye jua la Januari. Kinga yao siku hiyo imelala.

Ukija Tabata nitakuonyesha tezi yenyewe. Beba kisu kikali na glavu.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina ng'ombe watatu wa maziwa hapa Goba. Mkamuaji wangu wa zamani amerudi kwao Iringa, nimempata kijana mwingine. Yule ng'ombe mkubwa alikuwa anatoa lita 12, sasa hazifiki 6, na kiwele kinabaki kimejaa. Jirani ananishauri nimchome sindano ya oksitosini, homoni ya kushusha maziwa, kila nikikamua. Nifanyeje?
*Mfugaji, Goba*

JIBU: Salama mdogo wangu. Kabla ya sindano, nenda kasimame bandani kijana akikamua, usiseme neno, uangalie tu. Nina hakika kiasi kwamba utaona fimbo, au utasikia makelele, au utakuta anakamua bila kuosha na kukanda kiwele.

Maziwa mengi ya ng'ombe hayako karibu na chuchu. Yako juu, kwenye vifuko vidogo sana, na hayashuki mpaka vifuko vibanwe. Kinachovibana ni oksitosini ya ng'ombe mwenyewe, inayotoka kwenye ubongo anapoguswa kiwele kwa maji ya vuguvugu na mkono wa mtu anayemwamini. Dakika moja hivi inatosha kuiamsha, na kazi yake huisha baada ya dakika chache. Ng'ombe akiogopa wakati huo, adrenalini hubana mishipa ya damu ya kiwele na kuikatia oksitosini njia. Hajakunyima maziwa kwa kiburi. Hawezi kuyashusha.

Sindano ya kila siku itamzoesha, na siku ukiikosa hatashusha hata kidogo. Usianze.

Fimbo itoke bandani leo. Kijana amlishe yeye mwenyewe kwa wiki nzima, amguse shingo na mgongo, aseme naye kwa sauti ya chini, akamue saa zilezile, na pumba ziwe mbele ya ng'ombe kabla ya ndoo. Aoshe, akande, asubiri kidogo, kisha akamue bila kusimama mpaka mwisho. Lakini kila asubuhi akamulie mikamuo ya kwanza kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi. Maziwa yanayobaki kiweleni hualika ugonjwa wa kiwele, na huo hauponi kwa upole. Mkiona mabonge, maji maji au damu, au kiwele kikiwa cha moto, nipigie jioni hiyohiyo.

Ikiwa baada ya siku kumi kitambaa ni safi na bado hazifiki lita 9, nijulishe nije Goba nimwangalie mwenyewe. Niandikie pia alizaa lini na anakula nini, maana kama yuko mwezi wa nane tangu azae, sehemu ya upungufu huo ni haki yake.